Samli Kwenye Mpira wa Kioo

Harufu ya mpira mpya uliopakwa samli ya ng'ombe hunirudisha utotoni mpaka leo. Wengine samli huwakumbusha kwa bibi, wali wa sikukuu, mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa. Mimi hunikumbusha lori la baba, na kimya changu.

Tulikaa Kibimba, Ngara, msimu wa mvua za masika, nami nilikuwa na miaka tisa. Lori lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa ya wazazi wangu, na mipira iliyoshika vioo vyake ilikuwa imekauka na kupasuka kama visigino vya kiangazi. Mvua ikinyesha, maji yaliingia mbele na nyuma, na mama alimfunika mdogo wangu Deo kwa kanga mbili. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," baba alisema, akanunua mipira mipya miwili. Alhamisi walifunga kioo cha nyuma, na nikaona kwamba kazi ile haitaki papara. Kioo kilivishwa mpira kwanza, kamba ikapitishwa ndani ya mfereji wa mpira pande zote, kisha kila kitu kikapakwa maji ya sabuni. Mama alisukuma kioo kwa viganja kutoka nje. Baba, akiwa ndani, alivuta kamba taratibu, na ukingo wa mpira ukapanda juu ya bati kidogo kidogo. "Taratibu, Mama Konsolata," alisema kila mara, akimwita kwa jina langu, jasho likimtoka. Nguvu zao zikipishana kidogo tu, kioo kinapasuka, na kingine cha lori lile hakikupatikana hata Biharamulo.

Jumamosi ilikuwa zamu ya kioo cha mbele. Baba akanituma sabuni. Sabuni yenyewe nilikuwa nimeiacha juu ya jiwe mtoni siku iliyotangulia, nikifua, na maji yakaenda nayo. Nilikuwa nimeonywa juu ya jiwe lile mara nyingi kiasi kwamba sikuthubutu kusema. Nikachota samli kwenye kibuyu cha mama, nikaipeleka nikiwa nimekaza uso. "Hii itateleza zaidi, Baba." Akainusa, akacheka. "Haya. Leo lori linapakwa kama mtoto mchanga." Kweli kamba iliteleza bila shida, kioo kikakaa, mama akapiga makofi, nami nikajiona mjanja wa kijiji kizima.

Jumatatu alfajiri tulipakia maharage kwenda Biharamulo, ambako mama yake mama alikuwa hajamwona Deo tangu azaliwe. Nilikaa katikati, kati ya baba na mama. Kulipopambazuka vizuri ndipo nilipoona. Pembe ya juu, upande wa mama, ukingo wa ndani wa mpira haukuwapo. Palikuwa na alama za meno. Panya walikuwa wameingia kwa matundu ya sakafuni wakafuata samli, na wamekula urefu wa mkono wangu. Niliogopa mno. Nikisema panya, itaulizwa samli. Ikiulizwa samli, itaulizwa sabuni. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtoto mwenye hofu hana habari na methali. Kila shimo la barabara kioo kililia, kikisogea ndani kidogo kama jino bovu. Deo alikuwa amelala kifuani kwa mama, utosi wake chini ya pembe ile ile. Tulipoanza kuteremka mlima, upepo ukaanza kupiga filimbi penye pengo, na mama akainua macho akitafuta sauti inatoka wapi.

"Baba, simama!"

"Kuna nini?"

"Simama! Kioo kinamwangukia Deo!"

Alikanyaga breki. Kioo kiliachia juu, kikainama. Mama alijikunja juu ya mtoto, na mimi nikanyoosha mikono yote miwili nikakipokea, kizito, cha baridi. Baba alikizuia upande wake. Hakikuvunjika. Hapo hapo, mikono ikiwa juu, nikasema yote, toka jiwe la mtoni. Nilingoja kipigo. Baba akauliza, "Ulijua tangu lini?" Nikamwambia. Akageuza uso dirishani, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Tulifika kwa bibi bila kioo, tumelowa chapachapa, Deo akicheka mvua.

Tangu siku ile, baba hakuwasha gari kabla ya kutuuliza, "Kuna mwenye neno?" Aliuliza hivyo mpaka macho yalipomzuia kuendesha. Siku hizi vioo hubandikwa kwa gundi, bila kamba wala mke wa kusukuma kutoka nje, na gari langu hulia lenyewe mlango ukiwa wazi. Hata hivyo, nami bado huuliza. Wanangu hunicheka na kujibu kwa pamoja, "Hakunaaa!" Juzi, tukitoka Ngara mjini, mdogo wao hakujibu. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Mama," akasema, "mimi ninalo."

Nikazima gari.