Siku Ambayo Hatutumani

Nyumbani kwetu Sumbawanga kuna siku moja kila mwaka ambayo ni marufuku kumtuma mtu. Ukitaka chumvi, inuka. Ukitaka maji, beba ndoo yako, hata kama wewe ndiye baba mwenye nyumba. Ndivyo tunavyomkumbuka bibi yake Bibi, aliyevushwa Ziwa Tanganyika akiwa msichana, kamba shingoni, akaja kufunguliwa huku Ufipa. Siku hiyo tunacheka sana, ila nje ya ua hatuisemi. Rafiki zangu niliwaambia sisi ni Wafipa wa tangu na tangu.

Mwaka jana siku hiyo iliangukia siku aliyoitwa Bibi kujibu pingamizi. Orodha ya wapiga kura ilipobandikwa, jirani yetu alipeleka malalamiko kwamba Bibi si raia, kwao ni ng'ambo ya ziwa. Asipofika, jina linafutwa. Na Bibi amepiga kura tangu mama yangu hajazaliwa.

“Nitume mimi, Bibi. Magoti yenyewe hayo.”

“Leo? Unataka nilaaniwe?”

Akaenda kwa miguu yake, upepo wa baridi ukivuta kitenge. Kila akisimama kupumua nilitazama saa kwenye simu. Wanafunga saa sita.

Tulifika dakika chache kabla. Ofisini alikuwepo dada mwandikishaji, na jirani kwenye benchi.

“Shikamoo, mama,” jirani akaamkia kwa adabu zote.

“Marahaba, mwanangu. Umeamkaje na barua zako?”

Dada akauliza wazazi wa Bibi walizaliwa wapi.

“Hapa hapa. Bibi yangu ndiye alitoka ng'ambo.”

“Si mmesikia!” Jirani akapiga paja.

Dada akaandika, akasoma: “Bibi yake alihamia kutoka ng'ambo ya ziwa.” Akasogeza wino.

Bibi akarudisha mkono. “Futa. Hakuhamia. Aliletwa amefungwa kamba.”

Jirani akakohoa. “Mama, mbona hukuwahi kusema?”

“Hukuniuliza. Ulikwenda kuiuliza serikali.”

“Bibi,” dada akasema taratibu, “kwenye fomu hakuna ‘aliletwa’.”

“Basi na kidole changu hakuna.”

“Bila kidole nitalikubali pingamizi.”

Saa sita kasoro dakika tano. Nikashindwa kuvumilia. “Bibi, weka tu!”

Akanigeukia. “Unanituma?”

Nikatamani sakafu inimeze. Dada alikaa akiitazama ile karatasi, kisha akalikata neno kwa rula, akaandika juu yake, akanipa nimsomee Bibi. Mimi niliyeishia kidato cha pili, ninayeota kuwa mtangazaji wa redio, nikasoma kwa sauti yangu ya kipindi: “Bibi yake aliletwa…” Halafu sauti ikashuka: “…akiwa mtumwa.”

“Sijasikia.”

Nikarudia. Watu waliokuwa dirishani wakageuka, mmoja wao tulisoma naye. Sikuinamisha kichwa.

Bibi akakandamiza dole gumba. Dada akagonga muhuri: pingamizi limekataliwa.

“Ila mlalamikaji anaruhusiwa kukata rufaa mahakama ya wilaya,” akaongeza.

Bibi akamtazama jirani. “Utakata?”

Jirani akavaa kofia, akatoka.

Tulipofika barabarani nilitaka kurukaruka, maana jina lilikuwa bado limo. Bibi alikuwa anafunga kitenge upya, ananiuliza mahakama iko umbali gani kwa miguu.