Masafa Yasiyotulia

Hamida hajui kutulia, na mimi Frida ninayekaa naye meza moja ndiye ninayeumia. Mguu unagonga sakafu, mtandio unafungwa na kufunguliwa, kila gari likipita anachungulia dirishani. Jamani, mtu wa hivyo ndiye aliyeajiriwa kutega masafa ya redio!

Karakana yetu ya Ipagala hutengeneza vifaa vidogo vya redio vya kuvalisha ng'ombe shingoni, ili akipotea porini mwenye mifugo amfuate kwa mlio wa kipokezi. Mimi nalehemu. Hamida anachukua kijiti cha plastiki na kusogeza mizunguko ya waya wa koili: akiiachanisha masafa yanapanda, akiibana yanashuka. Namba ikikaa sawa kwenye kipimo, anaidondoshea koili nta ya moto ili waya usicheze tena, kisha anasubiri igande. Kusubiri! Hapo ndipo pagumu.

Mzigo wake wa kwanza, wa Mpwapwa, ulirudi wote. Mlio haupatikani, watu wameshinda porini wakitafuta ng'ombe kwa miguu. Bosi Ebenezer akaja juu.

"Hamida, unanyanyua kabla nta haijashika. Huu mwingine ukiharibika, tuachane kwa heri."

Hamida akanywea. Alikuwa amemleta mama yake kutoka Kondoa, wakae Miyuji kwa ajili ya kliniki ya figo. Kazi ikikatika, mama anarudi Kondoa na matibabu yanakomea hapo. Nami na domo langu hili nikaongeza, "Si nilikwambia? Haraka haraka haina baraka."

Basi akawa anatega, anadondosha nta, halafu anaikalia mikono yake mpaka igande. Nilimwonea huruma, nikaendelea kulehemu.

Siku ya ukaguzi Ebenezer akaweka kifaa kimoja cha mzigo mpya uani, jua la mchana likiwaka, akashika kipokezi. Mlio ukaja vizuri. Hamida akazunguka ua kama kuku anayetaka kutaga. Mara mlio ukafifia, ukapotea kabisa.

"Basi," akasema Ebenezer.

"Basi nini!" Hamida akakinyakua kifaa, akabandua kifuniko. Nta ilikuwa imeyeyuka yote, waya uko wazi. Akainusa. "Bosi, hii si mshumaa?"

Ebenezer akakuna shingo. "Ya nyuki, inayohimili jua, iliisha kabla hujaja. Nikaona nta ni nta."

Hamida akalia kwa hasira. "Nimeichukia mikono yangu mwenyewe! Mama nimeshamwambia afunge mizigo!"

"Ya nyuki naileta leo hii, kazi yako iendelee."

"Lete. Lakini kwanza niombe radhi. Na huyu Frida naye."

Ebenezer akaomba. Mimi kiburi kilinizuia, akanikazia macho mpaka nikasema, "Nisamehe, shoga yangu."

Akatoa simu, akampigia mama yake, huku bado analia. Akanipa mimi.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Fungua mizigo."