Bado Hajakomaa

Wanaume wa Kinole walikuwa na mzaha wao. Mwaisha akipita njiani na kisu chake kiunoni, walikaza vikoi na kubana magoti. "Pita salama, dada, hapa wote tumekwisha komaa!" Naye hujibu bila kugeuka, "Nani kasema? Nikishika ndipo nitakapojua." Njia nzima ikacheka.

Kazi ya kuhasi alirithi kwa mjomba wake. Kwa Waluguru shamba hufuata upande wa mama, na ujuzi nao hupenda kupita njia hiyohiyo. Mzee hakuwa na mpwa wa kiume. Akamtazama Mwaisha, binti wa miaka kumi na mitano asiyeogopa damu, akampa kisu, akamwambia, "Shika wewe." Tangu hapo alihasi mbuzi, alihasi mabeberu wakali waliowashinda wenyewe, lakini zaidi alihasi mbwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwonya kwamba kazi hiyo haipendezi katika dini. Mwaisha alimsikiliza kwa adabu, akanawa mikono mara saba, mojawapo kwa udongo, akaswali. Kesho yake akahasi tena. Nguruwe pori hawakuwa wakisikiliza mawaidha.

Nao nguruwe ndio waliokuwa adui. Mashamba ya milimani yamening'inia kama nguo zilizoanikwa, na mahindi yakianza kubeba, nguruwe hupanda kutoka makorongoni na kumaliza kazi ya miezi mitano kabla jogoo hajawika. Bila mbwa hakuna chakula. Lakini dume asiyehasiwa hunusa jike ng'ambo ya mto akaondoka, shamba likabaki na Mungu. Kwa hiyo lazima akatwe. Swali ni lini.

Watu wengi walidhani mapema ni bora, kidonda kidogo, kelele kidogo. Kibwana, jirani yake, alimhasi mbwa wake mwenyewe akiwa na miezi mitatu. Mbwa akarefuka, akarefuka, miguu ya korongo, kifua cha kuku. Penye tambarare alitembea vizuri. Akiteremka mlima goti linamtupa, anabingirika hadi chini kama boga, na nguruwe wanaendelea kula.

"Mfupa ulikuwa haujaambiwa uache kukua," Mwaisha alimwambia. "Umekata anayeuambia."

Yeye hakuhesabu miezi tu. Alimkalisha mbwa, akashika mguu wa mbele, akapapasa kifundo. Mbwa mchanga ana kinundu pale, kinene, kama fundo la mwanzi. Siku kinundu kinapolainika, mfupa umefunga, na mbwa yuko tayari. Mbwa mdogo wa umbo huwahi. Mkubwa huchelewa, mwaka na robo, pengine zaidi. Aliyemletea dume mwenye kinundu alirudishwa nyumbani pamoja na dume wake, hata awe nani.

Mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike Morogoro, Mjerumani mmoja mwenye shamba la mpira huko chini, upande wa Kingolwira, aliamka akakuta mbwa wake jike, aliyeletwa kwa meli kutoka Ulaya, amepandwa na mbwa wa kienyeji. Alikasirika kana kwamba ameibiwa binti. Amri ikapanda mlima mdomoni mwa akida: madume yote yahasiwe ndani ya siku saba. Asiyehasiwa atapigwa risasi.

Mwaisha hakubisha. Kwa siku nne alikata madume saba waliokwisha komaa, akawapaka majivu na mafuta ya nyonyo. Alibaki mmoja, naye alikuwa wake. Aliitwa Mtasema, mwana wa miezi minane, mwenye kichwa kikubwa na nyayo pana. Ndiye aliyetarajiwa kulinda shamba la ukoo wakati mama yake, jike mzee aliyelilinda mpaka sasa, atakapochoka.

Akida alifika siku ya saba na askari wawili wenye bunduki. Alikuwa kijana wa pwani, kanzu safi, viatu vimeingia tope la Uluguru mpaka juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Bwana Akida. Karibu."

"Sikuja kukaa. Huyu mbona mzima?"

"Bado hajakomaa."

"Amri haikuuliza kama amekomaa."

"Haikuuliza kwa sababu haijui. Mshike mguu hapa. Unaona kinundu? Nikimkata leo nimeua mbwa polepole. Afadhali njia yako ya risasi."

"Basi ya risasi."

Askari mmoja akashusha bunduki begani. Hidaya, mdogo wake Mwaisha, akapiga ukelele. Mwaisha akaketi chini, akamvuta Mtasema katikati ya miguu yake, akamfunika kwa khanga, kikabaki kichwa tu.

"Piga," alisema. "Lakini lenga vizuri, tumekaribiana."

Akida akamtazama askari, askari akatazama mlima. Hapakuwa na amri iliyosema lolote kuhusu kumpiga risasi mwanamke kwa ajili ya mbwa.

"Wewe bibi unanitafutia nini? Mimi mwenyewe nimetumwa."

"Najua. Basi rudi na kitu. Huko chini watu wanakimbia kazi, sivyo? Mimi sikimbii. Nitakwenda kufanya kazi shambani kwake bila ujira, mbwa wangu abaki amefungwa kamba mpaka afikie umri. Aliyefungwa kamba atampanda nani?"

Akida alifikiri. Mikono ya kazi ilikuwa adimu, na Mzungu alimlaumu yeye kila juma.

"Miezi mitano," alisema. "Ikiisha, unamkata mbele yangu."

"Ikiisha, nitamshika mguu mbele yako."

Akida alisikia alichotaka kusikia.

Mwaisha akateremka. Miezi mitano alibeba maji kumwagilia miche ya mpira, debe kichwani, jua la tambarare likimpiga kama mgeni asiye na adabu. Msimamizi alimwita "mama wa mbwa". Alijibu kwamba ni heri kuliko mbwa wa mtu, na siku hiyo akaongezewa safari kumi za kisimani. Alizienda zote. Usiku miguu iliuma, na alilala akihesabu vidoleni: sasa ana miezi kumi, sasa kumi na moja.

Jike wa Mzungu alizaa. Watoto walikuwa wazuri, na Mzungu, hasira ikiwa imemtoka, alimpenda dume mmoja mwenye baka jeupe. Asubuhi moja alikuja naye hadi kisimani, pamoja na Fransisko, mpishi wake aliyejifunza Kijerumani jikoni.

"Dada, Bwana amesikia wewe ni fundi. Anauliza huyu akatwe lini."

Mwaisha akatua debe, akanawa, akapapasa mguu wa mtoto yule. Hakuharakisha.

"Mwambie bado. Mwambie ni mbwa mkubwa huyu, asubiri mwaka na zaidi, la sivyo atamharibu magoti."

Fransisko akasema maneno. Mzungu akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa dawa na mganga.

"Anasema vyema, atasubiri."

"Haya. Sasa muulize: wa kwake anasubiri, wa kwangu kwa nini alihukumiwa?"

Fransisko akatazama pembeni. "Dada, kazi yangu kutafsiri, si kufa."

"Basi usitafsiri. Mimi nitamtazama tu."

Akamtazama. Alimtazama mpaka Mzungu akauliza kitu, Fransisko akajibu kitu kingine, na wote wawili wakaondoka na mbwa wao. Mwaisha akajitwika debe.

Miezi mitano ikaisha. Akapanda mlima na furushi lake kichwani, amekonda, nyayo zimepasuka. Akida na askari mmoja walikuwa wamemtangulia, wanahema. Mtasema alikuwa amefungwa kwenye mti wa shamba. Hidaya alikuwa amembadilishia kamba mara tatu, zote alizitafuna. Mbwa akamrukia Mwaisha nusura amwangushe.

"Kisu kiko wapi?" akida akauliza.

Mwaisha akapiga goti, akashika mguu wa mbele, akafumba macho. Majirani wakasogea. Kibwana akanong'ona, "Mkate, dada, mkate mambo yaishe." Vidole vikaenda, vikarudi.

"Bado," alisema.

"Bibi!"

"Kimepungua, hakijaisha. Miezi miwili." Akasimama, akajitwika tena furushi lake ambalo hakuwa hata amelifungua. "Haya, twendeni. Miche itakauka."

Alitangulia yeye njia ya kuteremkia. Alifika mbali, kwenye migomba ya Kibwana, ndipo akagundua kwamba hakuna aliyemfuata. Nyuma yake akida alikuwa ameketi juu ya jiwe, anavua kiatu.

"Rudi, bibi," alisema. "Rudi nyumbani kwako. Nitaandika kwamba tayari amekatwa."

"Andika utakavyo. Mbwa hasomi."

Mtasema alihasiwa baada ya siku sitini na tatu, Jumanne asubuhi, pasipo akida wala askari. Mwaka ule nguruwe hawakuonja mahindi ya ukoo wao.