Neno "Kama" katika Ungamo Letu

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenilea. Baba alikufa tungali kwetu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, na tangu hapo nilimtii kaka kama mzazi. Nilimwita Yaya, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa. Tulipoletwa Louisville, Marekani, tulipanga nyumba za jirani huko Shively, tukafunga mizigo katika ghala moja, zamu tofauti. Jumapili yeye aliwafundisha waliojiandaa kubatizwa katika kanisa letu dogo, nami nilitafsiri mahubiri.

Ikatokea kwamba kanisa kubwa la Wakongomani wa Columbus lilitaka tuungane nalo. Walituletea ungamo la imani kwa Kiingereza, nikapewa nilitie katika Kiswahili. Nililifanyia kazi wakati wa mapumziko, ndani ya gari, mbele ya ghala. Siku moja mchungaji wao alinipigia simu.

"Ndugu, pale kwa Mwana, weka 'asili kama ya Baba'. Ni rahisi, mama zetu wataelewa."

"Lakini Kiingereza kinasema asili moja."

"Hiyo tutaitengeneza. Wewe andika."

Nilijua tofauti yake. Yaya mwenyewe alikuwa amenifundisha kwamba maaskofu wa zamani waligombana miaka mingi juu ya jambo hilo, wengine wakafukuzwa makwao, na kwamba katika Kigiriki maneno yale mawili yalitenganishwa na herufi moja tu. Nilikuwa nimesikia pia kwamba Columbus walifundisha kuwa Mwana aliumbwa na Baba kabla ya vitu vyote. Hata hivyo niliandika "kama". Ukweli ni kwamba nilijisikia vizuri. Mtu mkubwa alikuwa amenitafuta mimi, hakumtafuta Yaya.

Tulikwenda Columbus kulithibitisha ungamo, magari manne. Nililisoma mbele ya watu. Nilipofika kwenye ile sentensi, Yaya alisimama.

"Kama? Nani aliandika 'kama'?"

Mchungaji alimwomba akae. Hakukaa.

"Bon, muniache niseme. Kama Mwana aliumbwa, donc ule alikufa pa musalaba ni mutumwa tu. Mungu mwenyewe alibakia kwake. Mimi nilizika batoto babiri mu njia ya kukimbia. Siwezi kuomba Mungu ule alibakia kwake."

Kisha akanigeukia. Mchungaji naye alinitazama, akingoja. Ningeweza kusema habari ya simu. Nilisema, "Ni tafsiri tu, Yaya."

Kura zilipigwa, ungamo likapita. Familia tisa zilitoka katika kanisa letu pamoja na kaka yangu. Miezi michache baadaye alihamia Buffalo, karibu na barabara ya Bailey, akapata kazi ya kutunza wazee huko Kenmore. Mwanzoni alinitumia ujumbe wa sauti, mrefu, akinieleza Maandiko taratibu kama mtu anayemfundisha mwanafunzi wake mzito. Sikujibu hata mmoja. Nikafanywa mtafsiri wa kanisa lililoungana, nikawa nakaa mbele.

Kisha, baada ya miaka kadhaa, mke wake alinipigia. "Shemeji, njoo. Ni kansa, na imeshaenda kwenye ini."

Nilimkuta hospitalini, amekwisha, macho ya manjano. Nilimshika mkono, akauacha mkononi mwangu. Tuliongea habari za watoto, za theluji. Halafu akauliza kwa sauti ndogo:

"Wakati uliandika ile neno, uliamini?"

Niliona ni afadhali kusema kweli. "Hapana, Yaya. Mchungaji aliniomba. Nilijua si sawa."

Nilidhani ungekuwa mwanzo wa kusameheana.

"Bon. Mimi nilifikiri ulikosea. Miaka yote hii niliombea mutu mwenye alikosea."

Akautoa mkono, akageukia ukutani. Nilikaa mpaka muuguzi aliponiambia muda umekwisha. Kesho yake alikuwa hasemi tena, na siku ya tatu akafa.

Kwenye maziko walikuja wenzake wa kazini, Wamarekani, na mjane akataka mahubiri yatafsiriwe. Nilisogea mbele. Mchungaji wa kanisa la Yaya la Buffalo aliniwekea kiganja kifuani, bila hasira.

"Si wewe, ndugu. Tusamehe."

Msichana wa kanisa lao ndiye aliyetafsiri. Alikosea mahali pengi, sentensi nyingine akaziruka kabisa, nami nilisimama nyuma ya watu, kwenye baridi, nikisikia kila kosa. Waliposhusha jeneza nilitaka kumwendea shemeji. Alikuwa amezungukwa na akina mama, na hakuna aliyenipisha.

Niliondoka peke yangu. Nilipita Columbus bila kusimama. Tangu siku ile sijatafsiri tena kanisani, na kwa kweli siendi. Shemeji hapokei simu zangu. Ungamo bado wanalisoma kila mwezi, kwa maneno yangu.