Nilinunua Vikopo vya Kahawa Bila Kufungua Hata Kimoja, Mashine Ikafa, Nikasingizia Stima

Elfu nne mia nane, mashine moja ya kahawa, na jina langu zuri kwa kikundi cha maombi. Hiyo ndiyo hesabu yote. Nimeirudia mara mbili na haipungui.

Nilikosea, jamani. Naandika hapa kwa sababu nyinyi hamnijui, na wanaonijua sina uso wa kuwaangalia.

Mimi nauza vikombe na sahani za mtumba hapa Eldoret mjini. Kuongea bei ndiyo kazi, ndiyo ibada, ndiyo mchezo. Mtu wa ukoo wetu akitaka kochi, ananibeba niende niongee. Akitaka ng'ombe wa maziwa kule Moiben, ananibeba. Kuna siku nilishusha bei ya jeneza mpaka mwenye duka akaniuliza, "Mama, na mimi nilale ndani niwe nyongeza?"

Kwa hivyo muelewe. Hii aibu haikumpata mjinga. Imempata mtu anayejiona mjanja, na hiyo inauma zaidi!

Mume wangu ni mwalimu, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Nitamwita Mwalimu kwa sababu hata nyumbani ndivyo tunamwita. Kwa miaka mingi jioni zake ziliishia kwa baa ya pale kona. Sitasema mengi. Mke aliyewahi kusikiliza geti anajua.

Mwaka jana akaacha. Kikundi chetu cha maombi kilikuwa kimekutana kwetu sebuleni, Alhamisi kama kawaida, watu wamekaa na vikombe vya chai mkononi. Mwalimu akasimama bila kuitwa. Akasema yote. Pesa za karo alizokunywa, siku aliyolala kwa mtaro, kila kitu. Watu walilia. Mimi nililia pia, ingawa jicho moja lilikuwa linahesabu chapati.

Sasa, kuacha ni jambo moja. Saa moja jioni ni jambo lingine. Saa ile ikifika, Mwalimu alikuwa anasimama, anakaa, anasimama tena, anaangalia koti lake pale mlangoni kama limemuita.

Ndipo mwanafunzi wake wa zamani akatuokoa. Huyu siku hizi anakimbia mbio za ng'ambo. Alikuja nyumbani kusalimia, akasikia habari, na safari iliyofuata akaleta mashine ya kahawa. Nyeusi, imesimama kama kasuku. Unaweka kikopo kidogo cha kahawa juu, unafunga mdomo, unafinya, inalia kama posho mill ya kusaga mahindi, halafu kahawa inashuka na povu.

Mwalimu alipenda hiyo kitu! Saa moja ikifika, badala ya koti anachukua kikombe. Kelele ikianza, mimi jikoni nasema moyoni, asante Mungu, leo yuko.

Shida ilikuwa vile vikopo. Kapsuli, ndivyo zinaitwa. Kiboksi cha kumi kwa supamaketi ni pesa ya kununua kuku akiwa na manyoya yake yote. Nililipa mwezi wa kwanza nikiwa nimefumba macho. Mwezi wa pili macho yakafunguka.

Nikaenda kwa jamaa mmoja ana duka la vitu vya kutoka nje, ghorofani, mahali ngazi zimejaa mabegi na mapazia. Nikampata na katoni. Viboksi kumi na sita, kila kimoja kapsuli kumi, picha ya kikombe kinachotoa moshi.

"Elfu tisa," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia, "Kijana wangu, nimekuja kununua kahawa, sijakuja kununua shamba ilipoota."

"Mama, hii ni ya Italia."

"Basi ipeleke huko. Hapa sisi tunakunywa chai."

Tukaendelea hivyo. Nilitoka nje mara mbili, akaniita mara mbili. Kwa begi nilikuwa na kapsuli moja tupu ya nyumbani, nimeibeba kama sampuli, maana mimi si mtu wa kutoka mikono mitupu. Nikaitoa nikauliza kama zinafanana.

"Kapsuli ni kapsuli, Mama. Ni kama soda. Chupa ni ile ile."

"Fungua nione."

Hapo ndipo alinimaliza. Akaniangalia taratibu, akasema, "Bei ya kufungua ni elfu sita. Bei ya kufunga, usifungue kitu, ni elfu nne mia nane. Na bei ya kufunga hairudishwi."

Wasomaji wenzangu, mtu mwingine angesikia onyo. Mimi nilisikia punguzo! Nikahesabu viboksi mara mbili, vikafika kumi na sita mara mbili. Nikalipa. Nilishuka zile ngazi kama nimeshinda kesi.

Nyumbani nikafungua ya kwanza. Kwa macho ni ndugu na ile ya mashine yetu. Lakini tumbo lake ni nene kidogo, na ukingo umezidi. Nikaiweka. Haikuingia. Nikaisukuma na kijiko. Ikaingia nusu, mdomo wa mashine ukakataa kufunga. Nikaitoa imepasuka, kahawa imenimwagikia mkono mzima.

Kumbe hizi mashine kila moja ina kapsuli zake! Zingine fupi, zingine nene, zingine kama uyoga. Ni kama funguo. Funguo zote zinafanana mpaka ufike mlangoni.

Saa hiyo ndiyo ningesema, "Mwalimu, nimechomeka, nimeuziwa zisizotufaa." Basi, hayo tu. Lakini mimi? Anayeitwa kuongea bei ya ng'ombe? Nikafunga boksi, nikaanza kufikiri. Na nikifikiri sana huwa naharibu.

Nikatoa kapsuli kuukuu kwa ndoo ya takataka. Nikaziosha. Nikakata zile mpya kwa mkasi, nikamwaga kahawa yake ndani ya zile za zamani, nikafunika na foili, ile ya kufunikia kuku kwa oveni, nikaikunja pembeni na mgongo wa kijiko. Ukiangalia kutoka mlangoni, ni mpya kabisa. Nikazipanga ndani ya kiboksi cha supamaketi.

Na ikafanya kazi! Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Kama ingekataa siku ya kwanza tungekuwa tunacheka sasa. Jioni kumi na tisa Mwalimu alikunywa kazi ya mkono wangu akidhani ni ya supamaketi. Siku moja akaniambia, "Mama Baraka, hii ya siku hizi iko na nguvu." Nikajibu, "Walibadilisha." Si uongo. Walikuwa wamebadilisha, na walikuwa mimi.

Jioni ya ishirini stima zilikuwa zimepotea, zikarudi, zikapotea, zikarudi. Mwalimu akaweka kapsuli, akafinya. Mashine ikalia kidogo, ikakohoa, ikatoa mvuke kwa mbavu. Halafu tope jeusi likashuka, foili imeraruka ndani, unga wote wa kahawa umeingia kooni mwa mashine. Ikanyamaza. Akafinya tena. Taa yake ikazima, na harufu ya waya ikatoka.

Mwalimu akanigeukia. "Nimefanya nini?"

Aki ya Mungu, aliuliza kama mtoto aliyevunja kikombe cha mgeni.

Nikasema, "Ni stima." Maneno mawili. Halafu nikafagia lile tope haraka kabla hajaliangalia vizuri.

Sasa sikilizeni vile uongo mdogo unavyokua. Alhamisi Mwalimu akakiambia kikundi kwamba mashine imeuawa na stima. Mwenyekiti wetu, Mzee Kirwa, akasimama papo hapo. "Hiyo mashine si ya Mwalimu peke yake," akasema. "Ni silaha yetu sote. Tuchange." Wote wakasema amina. Na pesa zitumwe kwa nani? Kwa mweka hazina.

Na mweka hazina ni nani? Ni mimi! Walinichagua kwa sababu nahesabu kila kitu mara mbili!

Simu ikaanza kulia. Mia tano. Mia moja. Mama Selina, mjane, ana ng'ombe mmoja na anauza maziwa kwa mtungi, akatuma mia mbili na ujumbe: "Mwalimu asirudi kule." Nilikuwa sokoni. Niliweka simu chini ya sahani ili nisiione. Ikaendelea kutetemeka mpaka sahani zikawa zinapiga kelele.

Jumanne, saa moja jioni, nilikuwa napika. Hakuna sauti ya posho mill. Nikasikia Mwalimu amesimama, amekaa, amesimama. Halafu nikasikia geti.

Nikatoka. Koti halipo.

Siwezi kuwaeleza. Ugali uliungua nikiwa nimeusimamia. Nilikuwa nahesabu akilini, si pesa, nilikuwa nahesabu hatua mpaka pale kona, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikajiambia, mwanamke, umeuza mume wako kwa bei ya kufunga.

Baada ya saa nzima geti likalia. Nikamwendea nikajifanya namtoa uzi kwa kola. Nikanusa. Moshi. Nikanusa tena, mara mbili kama kawaida yangu. Moshi tu, na ndimu na pilipili.

"Unatafuta nini hapo?" akaniuliza.

"Uzi."

"Uzi haunuswi, Mama Baraka."

Akatoa mfukoni hindi la kuchoma, limefungwa kwa ganda lake, limekatwa nusu. "Nilifika pale nje," akasema. "Nikasimama. Yule mama wa mahindi akaniuliza, Mwalimu, unaingia ama unanunua? Nikanunua. Nikala nusu nikisimama, nusu nimekuletea."

Nilishika lile hindi nikashindwa kuuma. Nikamwambia yote. Katoni, bei ya kufunga, mkasi, foili, tope.

Akauliza, "Kwa hivyo nilikuwa nakunywa takataka?"

"Kahawa ilikuwa ya ukweli, Mwalimu. Ganda tu ndilo lilikuwa mtumba."

Alicheka! Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaanza kucheka pia, nikidhani nimepona. Halafu akaacha, ghafla vile anavyoacha akiwa darasani.

"Na mchango?"

Nikaanza kukunja ganda la lile hindi.

"Mama Selina ametoa mia mbili. Unajua hiyo ni maziwa kiasi gani?"

Nilijua. Nilikuwa nimeshaipigia hesabu.

"Alhamisi utawaambia," akasema. "Wewe mwenyewe."

"Si tutarudisha tu pesa kimyakimya? Niseme tumepata fundi?"

Akaniangalia. "Mimi nilisimama hapa hapa na pombe yangu, na nikasimama peke yangu. Wewe huwezi kusimama na kikopo?"

Basi hiyo ndiyo hali yangu. Wewe unayesoma, ukinunua mashine ya hizi kapsuli, shika kapsuli mkononi, iweke ndani, funga mdomo wa mashine uone umefunga, ndipo utoe pesa. Muuzaji akikuambia zote ni moja, mwambie anywe yeye kwanza. Na ukichomeka, sema jioni ile ile! Nimejaribu kukaa nayo, na kila siku inaongeza riba.

Mwalimu sasa anachemsha ile kahawa kwa sufuria na kuchuja na kichujio cha chai. Anasema ina ladha ya kichujio cha chai. Lakini saa moja ikifika anaiweka kwa jiko mwenyewe, na koti linabaki mlangoni.

Nahitaji ushauri wenu kabla ya Alhamisi. Nianze na stima ama nianze na mkasi? Niseme kabla ya chai ama wakishakula? Na pesa nitamrudishia kila mtu, hesabu iko sawa mpaka shilingi ya mwisho, lakini Mzee Kirwa huwa anasema kilichotolewa kwa maombi hakirudi mfukoni. Mama Selina nikimrudishia akikataa, nimfanyie nini, ninunue maziwa yake bila kuongea bei? Hilo sijawahi kufanya na sijui linaanzaje.

Lingine. Kuna mtu hapa ana mashine ya zile kapsuli nene? Nimebaki na mia moja na thelathini na kitu, nitahesabu tena. Bei tutaongea. Lakini tafadhali, njoo na mashine yako, tufungue kwanza.