Nilivyolitoboa Tuta

Jamani, msaragambo wa tuta umenichosha. Kila kiangazi hapa Namawala tunabeba udongo kuinua tuta la kuzuia mto usiingie mashambani, na kila masika mto unapata pa kupitia. Zamani mafuriko yalikuwa na msimu wake. Siku hizi jua linakausha mpunga kwanza, halafu maji yanakuja kuumalizia.

Mwaka mmoja mvua ilikatika mpunga ukiwa unabeba mimba. Ng'ambo ya tuta kulikuwa na maji yametuama. Mimi ni mjumbe wa kamati ya tuta, na sheria ya kutotoboa tuta niliisoma mwenyewe mbele ya watu. Lakini mwenye njaa hana miiko. Asubuhi moja nilichukua jembe, nikafungua kimfereji, majaruba yangu yakanywa. Nikaziba kwa tope na nyasi, nikaenda zangu nyumbani.

Wiki iliyofuata mto ukajaa, ukapasua palepale. Mpunga wa wenzangu ulilala majini, na wangu pia.

Kwenye mkutano wa kijiji hakuna aliyejisumbua kuuliza chanzo. "Ng'ombe hao!" Wote wakamgeukia jirani yangu Msukuma, kwa kuwa anachunga karibu na tuta. Wakampa siku saba ahame na familia yake. Mtu aliyebeba udongo nasi tangu siku ya kwanza! Nami nikakaa kimya. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake nilimkuta pale palipopasuka, peke yake, anajaza udongo kwenye viroba.

"Shikamoo, mama."

Nikamwambia yote, huku nalia.

Hakusimamisha koleo. "Nilijua, mama. Kwato za ng'ombe nazijua, na jembe nalijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme mjumbe kalitoboa tuta? Nani angenisikiliza?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, miguu imejaa matope. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Mama, uamuzi umeshapita. Ukiyasema hayo hadharani, nani atakuja tena msaragambo?"

Nikarudi nyumbani. Sikubishana naye, Mungu anisamehe.

Siku ya saba jirani yangu aliswaga ng'ombe kuelekea darajani, mkewe nyuma na godoro kichwani. Viroba alivyojaza ndivyo vinavyolishikilia tuta pale mpaka leo.