Siku Nilipowatandikia Wakwe Meza Ufukweni Matema

Aibu hii hapa Tukuyu wanaijua mpaka watoto wa chekechea, kwa hiyo bora niiandike mwenyewe kuliko kuwaachia wauza maparachichi wa Kiwira waendelee kuitia chumvi (juzi nimesikia eti nilitoka ziwani bila suruali, si kweli, suruali nilikuwa nayo, ni kiatu ndicho kilichobaki kimoja).

Kwanza mnijue. Mimi ni Baba Tumpe, mtu niliyejitengeneza kwa mikono yangu hii. Shule niliishia darasa la nne, lakini ndizi zangu zinaliwa Dar, nina gesti yenye maji ya moto, na nikianza kuongea sokoni watu wanaacha kupima karanga wanisikilize. Sasa mtu akizoea kusikilizwa hivyo, mwisho anaanza kuamini kwamba hata ziwa linamsikiliza.

Binti yangu Tumpe anafanya kazi kule chini Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, anafundisha wageni kupanda mawimbi. Ndiyo, kupanda: unalala kifudifudi juu ya ubao, wimbi likija unasimama, linakubeba hadi mchangani. Mimi sikuwa na neno. Shida ilianza alipochumbiwa na Gwakisa, kijana wa kule Kinyala, ambaye wazazi wake ni watu wa kanisa na watu wa mila, nao wakaanza kusuasua kwamba binti wa kushinda majini na ubao ataweza kweli kuwa mke wa mtu? Mshenga akaja kuniambia bila kuzunguka, "Baba Tumpe, wale wazee wamebakiza jibu moja tu, na naliona linaelekea kwenye hapana."

Basi nikapata wazo (mawazo yangu mengi huwa mazuri, hili ndilo lililonitoka upande). Nitawapeleka Matema siku ambayo maji yametulia, mama yake Gwakisa amkute Tumpe kavaa gauni, kapika, ziwa liko kimya, mbao zimeegemea ukuta kama za fundi dari, na wasiwasi uishe. Nikampigia Tumpe simu, nikamwambia Jumamosi tunakuja.

"Baba, Jumamosi hapana," akasema. "Nimeangalia utabiri. Upepo wa mwera unavuma kule kusini tangu jana, na ziwa hili ni refu, upepo unayasukuma mawimbi njia nzima, yakifika kwetu yameshakuwa makubwa. Hata kama huku hakuna upepo, yanakuja tu."

"Mvua ipo?"

"Mvua haihusiani, baba! Halafu yanakuja kwa makundi. Yakitulia usiyaamini."

Nikacheka. Sisi wa Tukuyu hali ya hewa ni mvua, basi: Mlima Rungwe ukijifunika wingu unaanua nguo, ukiwa wazi unaanika. Jumamosi asubuhi nikafungua dirisha, mlima uko wazi, hakuna wingu hata la kufutia jasho. Kwenye gari, tukiwa tunateremka kuelekea Ipinda na joto linaanza kutupiga, nikawatangazia wakwe, "Leo ziwa litakuwa kama chai kwenye kikombe." Baba Gwakisa, mzee mrefu, suti ya kijivu na kofia ya pama, akasema, "Kama umesema wewe, mzazi mwenzangu." Mwe! Kichwa kikavimba mpaka nikafungua kioo.

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe, tangu uchumba unapotajwa, hawaonani, hawasogeleani, kugusana ndiyo usiseme. Mzee akipita huku, binti anapita kule. Kwa hiyo Tumpe alipika akatutengea, kisha akaenda kukaa nyuma ya kibanda cha mbao zake, kanga kichwani, na Mama Gwakisa akawa ndiye mpelelezi wa kwenda na kurudi.

Na ziwa, jamani, tulilikuta limetulia kweli! Nikawageukia wote kama mtu aliyelituliza mwenyewe. Nikaagiza meza ishushwe hadi chini kabisa, pale mchanga ni mgumu, viti havizami, na kuna kaubaridi kazuri. Mama Gwakisa akarudi kutoka kibandani na ujumbe: "Mtoto anasema mchanga huo ni mgumu kwa sababu maji yanafika."

"Mwambie baba yake yupo," nikasema.

Sufuria la mbalaga, zile ndizi zetu na nyama, likawekwa katikati ya meza, na Baba Gwakisa akasimama kuombea chakula. Mzee wa kanisa haombi kwa haraka. Sala ilikuwa imefika kwa wagonjwa wa Kinyala wakati wimbi la kwanza lilipokuja kulamba viatu vyetu, nikafumbua jicho moja, nikalifumba, maana utamkatizaje mtu anayeongea na Mungu? La pili likafika magotini. Mzee akaongeza sauti. La tatu lilikuja refu kama ukuta wa choo changu cha nje, likainua meza, viti, vikombe na sufuria, na mimi badala ya kukimbilia nchi kavu nikalikimbilia sufuria (nyama ile niliinunua mwenyewe), mkwe naye akanishika koti anivute, tukavutwa wote wawili, na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Ndizi mimi nazijua. Maji siyajui.

Nilipoibuka nikaona kanga inaruka hewani na Tumpe anakuja mbio na ubao. Akalala juu yake, akapiga maji kwa mikono, akatufikia. Mimi nikadaka kamba ya ubao. Baba Gwakisa, maji kidevuni, kofia bado kichwani, anarudi nyuma kwenye kina!

"Usinisogelee, mwanangu! Usiniguse! Mimi ni baba mkwe wako!"

"Fumba macho, baba! Fumba macho ushike ubao!"

"Na wewe fumba!"

"Nikifumba mimi tutafika Malawi!"

Akafumba. Tumpe akausukuma ubao chini ya kifua chake bila kumgusa hata kidole, akageuka kutazama nyuma, akasubiri, akaacha wimbi moja lipite, la pili lipite (mimi napiga kelele "twende!"), la tatu akasema, "Hili hapa." Tukaenda. Mzee mbele kifudifudi, kofia imeshuka usoni, binti nyuma anaswaga, mimi nimening'inia kambani kama mkungu uliokatwa vibaya, na ufukwe mzima umesimama unatushangilia.

Tulipotua mchangani Tumpe alikuwa ameshakimbilia kibandani kwake. Nikajua uchumba umekufa na mimi ndiye nimeuzika. Nikaanza kuomba radhi huku natema maji, nikasema mila imevunjwa kwa ajili yangu, wasimhukumu mtoto.

Mama Gwakisa alikuwa amekaa chini anacheka hadi machozi. "Imevunjwa wapi? Alifumba, hajamwona. Na hajaguswa." Kisha akamgeukia mumewe. "Ila wewe, tulikuja hapa hujasema ndiyo wala hapana. Sasa umepiga kelele mbele ya ufukwe mzima kwamba ni baba mkwe wake. Utayarudisha maneno?"

Mzee akakamua kofia yake taratibu, akaivaa tena. "Nilisema kweli," akajibu. "Mwambieni mwanangu, ndaga fijo. Mwambieni hivyo hivyo, nimeshukuru sana."

Harusi inakuja baada ya mavuno. Mimi nimeapa, kutabiri hali ya ziwa basi, hata mtu akiniuliza kama maji yanalowesha nitamwambia ampigie Tumpe. Ila Baba Gwakisa hawezi kumpigia, mila haimruhusu, kwa hiyo kila wiki ananipigia mimi: "Baba Tumpe, mwulize mtoto, Jumamosi mawimbi yakoje? Nataka nije nijaribu tena, safari hii macho wazi." Nami namwuliza, napeleka jibu lilivyo, na siongezi langu hata neno.